Mwalimu wetu ametutoka

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke mwalimu wetu wa hesabu, mstaafu, aliyefariki hivi karibuni. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Ukikosea hesabu za sehemu alikurudisha ubaoni mpaka ueleze mwenyewe ulipopotelea. Lakini hakuwahi kumcheka mtoto. Madaftari aliyasahihisha kwa wino wa kijani, akidai mwekundu unatisha. Alipostaafu alihamishia darasa sebuleni kwake: wajukuu, watoto wa jirani, hata mafundi waliotaka kujua kupiga hesabu za vipimo. Mkewe akilalamika vumbi la chaki limejaa kwenye viti, yeye alicheka tu, kisha akachukua kitambaa akafuta.

Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa Oktoba 5 tangu 1994. Naomba shule ziwaalike na wastaafu wao, wangali hai.

Mwanafunzi wake wa zamani