Risiti ya zaka isimzuie mtoto kupokea Komunyo ya Kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee watoto ambao, kila mwaka inapokaribia Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, huondolewa katika orodha ya Komunyo ya Kwanza, yaani kupokea mkate mtakatifu wa Misa kwa mara ya kwanza, kwa sababu wazazi wao hawajamaliza kulipa zaka, au kadi ya jumuiya, yaani kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki, haijatiwa sahihi, au mchango wa ujenzi bado una salio. Jambo hili halifanyiki katika kila parokia, na wapo mapadre wasiolikubali hata kidogo. Hata hivyo, hapa kwetu Kakamega, na kwa maelezo ya walimu wenzangu wa dini walioko Bungoma na Kisumu, limezoeleka kiasi kwamba wazazi wengi huliona kuwa sheria ya Kanisa, wakainamisha kichwa na kwenda zao. Sheria ya Kanisa haisemi hivyo.

Tangu nilipostaafu ualimu nimekuwa nikimsaidia katekista, yaani mwalimu wa dini, wa kigango chetu, tawi la parokia, kuwafundisha watoto hawa, ambao wengi wao wako Gredi ya Nne au ya Tano. Mafundisho huchukua muda mrefu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na si mzaha. Mtoto hujifunza sala za kila siku, Amri za Mungu na Amri za Kanisa, sakramenti saba, sehemu za Misa, namna ya kuitafiti dhamiri yake, na Sala ya Kutubu, kwa maana ni lazima apokee Kitubio, yaani aungame dhambi zake, kabla ya kukomunika. Mwisho mwisho huwaletea hostia, yaani mikate myembamba ya Misa, ambazo hazijawekwa wakfu, ili waijue ladha yake na wasishtuke siku yenyewe. Hapo ndipo maswali ya kweli huanza. Mmoja huuliza mbona haina sukari, mwingine atafanya nini ikinata kwenye kaakaa, na yupo ambaye daima hutaka kujua kama Yesu huumia akitafunwa. Tunawaonyesha jinsi ya kuweka kiganja cha kushoto juu ya kile cha kulia, kuitikia "Amina" kwa sauti inayosikika, na kuila hostia pale pale mbele ya padre badala ya kurudi nayo kitini. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote nilizopata kufanya darasani.

Baada ya hayo padre huja kuwahoji. Katika kundi moja la hivi karibuni alikuwamo msichana anayelelewa na nyanya yake, mkulima mdogo wa miwa. Padre alimwuliza kuna tofauti gani kati ya mkate anaokunywa nao chai na ule wa altareni. Akajibu, bila kubabaika, kwamba wa chai nyanya huununua dukani, na wa altareni ni Yesu mwenyewe, ila macho hayamwoni. Padre alitabasamu, akaweka alama ya vema mbele ya jina lake. Jumapili iliyofuata orodha ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa, na jina la msichana huyo halikuwamo. Tulipouliza tukaambiwa kwamba nyanya yake anadaiwa zaka, na kwamba mwenyekiti wa jumuiya hakuweza kutia sahihi fomu yake kabla deni halijalipwa.

Mhariri, swali alilolijibu mtoto yule si la kubuni. Tarehe 8 Agosti 1910 Papa Pio wa Kumi alitoa hati iitwayo Quam singulari, kwa sababu katika sehemu mbalimbali watoto walikuwa wakizuiwa kukomunika mpaka wafike miaka 10 au 12, na kwingine 14 au zaidi, kwa kisingizio cha kuilinda heshima ya sakramenti. Papa alikumbusha kwamba Mtaguso wa Nne wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 1215, ulikuwa umewataka waamini wote waliofikia umri wa kupambanua kuungama na kukomunika angalau mara moja kwa mwaka, akaueleza umri huo kuwa ni miaka saba hivi, pengine zaidi kidogo au pungufu kidogo. Alichotaka kwa mtoto ni kwamba ayafahamu mafumbo ya lazima ya imani kwa kadiri ya uwezo wake, na aweze kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Hati hiyo inataja pia wanaopaswa kumruhusu mtoto: baba yake, au anayeshika nafasi ya baba, pamoja na padre muungamishi. Mwekahazina hayumo.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinafuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya 912 inasema kwamba kila mbatizwa asiyekatazwa na sheria anaweza kupokea Komunyo, na ni lazima akubaliwe. Kanuni ya 913 inadai ufahamu wa kutosha na maandalizi mazuri. Kanuni ya 914 inawakabidhi wazazi, au wanaoshika nafasi yao, pamoja na paroko, yaani padre msimamizi wa parokia, wajibu wa kuhakikisha kwamba watoto wanaandaliwa na kulishwa chakula hiki mapema iwezekanavyo baada ya kuungama, na inampa paroko mamlaka ya kumzuia mtoto ambaye hajafikia umri wa akili au ambaye, kwa maoni yake, hajawa tayari vya kutosha. Mtu akisoma kanuni hizo kwa makini ataona kwamba kila sharti linamhusu mtoto mwenyewe, yaani akili yake, mafundisho yake na moyo wake. Kanuni ya 843 nayo inawakataza wahudumu watakatifu kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, walio tayari na wasiozuiwa na sheria, na kanuni ya 848 inawaonya wahakikishe daima kwamba maskini hawakosi sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Sidhani kuna njia ya kulisema jambo hili waziwazi zaidi ya hiyo.

Ninajua watakavyonijibu wajumbe wa mabaraza ya parokia, maana nimewahi kukaa nao. Watasema kwamba wamisionari wa Mill Hill, shirika la Kikatoliki kutoka Uingereza, walioanza kazi Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka 1904, walikuwa wakitegemea wafadhili wa Ulaya, ilhali leo paa la kanisa, mafuta ya gari la padre na posho ya katekista vinatoka mifukoni mwetu. Ni kweli, na kanuni ya 222 inawawajibisha waamini kulisaidia Kanisa kwa mahitaji yake. Basi na adaiwe mwenye deni. Nyanya niliyemtaja hulima miwa, ambayo hukaa shambani takriban miezi 18 kabla ya kukatwa, na hata ikishakatwa malipo hayaji siku ile ile. Mtu wa namna hiyo anadaiwa zaka kwa kalenda ya mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, kisha anaonekana mkaidi. Mwekahazina angeweza kumtembelea, wakakubaliana alipe mavuno yakiuzwa au alete mahindi siku ya mavuno. Kumtumia mjukuu kama dhamana ni njia rahisi, na kwa kweli huleta pesa haraka, jambo ambalo nashuku ndilo linaloifanya idumu.

Wengine watasema kwamba mtoto ambaye watu wa kwao hawaonekani jumuiyani hatakuwa na wa kumtunza katika imani. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya pesa. Lakini jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, zilikusudiwa majirani wajuane na kusaidiana, na mwenyekiti anayejua kwamba nyanya fulani haji kwa sababu miguu imemvimba ndiye aliyepaswa kumweleza padre habari hiyo, na pengine kuihamishia sala ya juma hilo nyumbani kwake. Kuhusu watoto wanaokataliwa kwa kuwa wazazi wao hawajafunga ndoa kanisani, sina haja ya kusema mengi: mtoto hana ndoa ya kufunga, na akikosa kukomunika ndoa ya wazazi wake haitengenei.

Sisi Wakatoliki ni hodari wa kujiongezea masharti. Mpaka leo wapo akina mama wanaowalaza watoto njaa usiku wa kuamkia Komunyo ya Kwanza, wakafika kanisani midomo imewakauka, ingawa tangu mwaka 1964, wakati wa Papa Paulo wa Sita, mfungo wa kabla ya kukomunika ni wa saa moja tu, na maji na dawa havijawahi kuhesabiwa ndani yake tangu Papa Pio wa Kumi na Mbili alipolegeza sheria hiyo katika miaka ya 1950. Gauni jeupe na viatu vyeupe navyo havimo katika kanuni yoyote. Vinapendeza, nami huvifurahia, lakini mtoto aliyevaa sare safi ya shule hajapungukiwa na kitu.

Ninawaomba maparoko wa majimbo ya Kakamega, Bungoma na Kisumu waitazame fomu ya kuandikisha watoto wa Komunyo na kuifuta sehemu inayotaka namba ya risiti. Sahihi ya mwenyekiti wa jumuiya ibaki kama ushahidi kwamba anaijua familia, na akikataa kuitia, aeleze sababu kwa paroko mwenyewe. Orodha isibandikwe mlangoni kabla katekista na paroko hawajaipitia pamoja. Na kwa wale ambao tayari wamekwisha kuachwa, hakuna kanuni inayotaka mtoto angojee kundi la mwaka ujao. Aliyefundishwa, akahojiwa na kuungama, anaweza kukomunika katika Misa ya Jumapili yoyote hapo hapo kigangoni kwake.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Kakamega