Bomba kwanza, vitofali baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Kila ninaposoma mipango ya kufufua mtaa wa maduka uliochakaa karibu na chuo kikuu, mchoro ni uleule: vitofali vipya, viti, miti, taa za kupendeza. Bomba sijaliona hata siku moja. Nami mabomba ndiyo yaliyonisomeshea watoto, miaka 31.

Mji wa chuo huishi kwa msimu. Wanafunzi wakifunga, mtaa unanyamaza. Wakirudi, hapana pa kukanyaga. Chini ya miguu yao mara nyingi kuna bomba la chuma lililozikwa chuo kikiwa bado kidogo, limeota kutu kwa ndani hadi njia ya maji imekuwa finyu. Nimewahi kukata moja la inchi nne, kidole gumba changu kikapita kwa shida. Juu yake vitofali vilikuwa vimetandazwa mwaka uliotangulia tu. Tukavifumua, tukavirudisha vimekaa upogoupogo, na bibi mmoja akajikwaa pale kabla sijamaliza kukusanya vifaa. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Wala si sisi peke yetu. Ithaca, jimbo la New York, kilipo Chuo Kikuu cha Cornell, walizuia magari kuingia mtaa wao wa kati miaka ya 1970. Mwaka 2013 wakaanza kuufumua, maana mabomba na nyaya za chini vilikuwa vimechoka. Kazi ikaendelea hadi 2015. Kule Normal, Illinois, penye chuo pia, wamejenga mzunguko wa barabara ambao maji ya mvua hukusanywa kwenye tangi chini ya ardhi, huchujwa, kisha hutiririka juu pale watu wanapoketi. Aliyechora ule alianzia chini.

(Kuondoa magari peke yake si dawa. Kalamazoo, Michigan, waliyaondoa mwaka 1959. Mwaka 1998 sehemu ya mtaa ikarudishiwa magari.)

Miti naipenda, lakini mti uliopewa shimo la ukubwa wa ndoo utatafuta maji kwingine, na kwingine huko ni kwenye maungio ya bomba la maji taka. Udongo wake utengwe mapema, mtaro ukiwa wazi. Nyaya za umeme na za intaneti nazo zilazwe ndani ya mifereji yenye mifuniko, asije mwingine mwezi ujao na sululu yake.

Na wenye maduka? Wachimbiwe kipande kwa kipande, chuo kikiwa kimefungwa, kila mlango ubaki na njia ya mbao imara ambayo hata kiti cha magurudumu kitapita. Wiki ya kufungua chuo ndiyo inayolipa kodi ya pango. Ukimfungia mtu mlango wiki hiyo, utamwekea vitofali mbele ya duka tupu.

Wakiwaletea wananchi michoro watoe maoni, ombeni ukurasa unaoonyesha chini ya ardhi. Wakijibu kwamba bado haujachorwa, msikubali kuchagua rangi ya vitofali.

Fundi bomba mstaafu