Barua ya wazi kwa vijana wa maabara: kitone si ushahidi

Wanangu mnaosomea baiolojia ya molekuli,

Nimestaafu, lakini bado naitwa kusoma tasnifu na kukaa kwenye jopo la utetezi. Siku hizi naonyeshwa picha ile ile mpaka nimeichoka: kiini cha seli, ndani yake vitone vya kijani vinang'aa, na kijana anatugeukia kwa bashasha: "Hapa ndipo jeni inapowashwa." Namuuliza, umejuaje? Ananirudishia picha.

Sibishani na jambo lenyewe. Seli ya binadamu ina DNA ya urefu wa mita mbili hivi, imekunjwa ndani ya kiini ambacho jicho halikioni. Jeni za kuunda protini ni kama 20,000, na protini za unukuzi, yaani zinazoamuru jeni ipi inakiliwe kuwa RNA, ni kama 1,600. Protini hizo hazitawanyiki sawasawa, hukusanyana, na mikusanyiko hiyo ndiyo inayoonekana kama vitone. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha kazi zilizoonyesha protini za kusaidia unukuzi, Mediator na BRD4, pamoja na RNA polimerasi II, kimeng'enya kinachonakili jeni, zikijikusanya kwenye seli shina za panya. Ninayoipenda zaidi ni ya kiinitete cha inzi wa matunda. Humo protini ya Bicoid imejaa upande wa kichwa na ni haba upande wa mkia. Hata huko mkiani huishika DNA, kwa sababu hukusanywa kwa msaada wa protini nyingine iitwayo Zelda. Kidogo kilichopo kinatosha kwa kuwa kimewekwa pamoja.

Sasa tuje kwenye vitone vyenu. Mmeingiza plazimidi, kipande cha DNA cha mviringo, yenye promota (swichi ya jeni) kali, seli ikafurika protini kuliko ilivyozaliwa nayo, mkaitia fomaldehaidi, kemikali ya kuigandisha na kuiua, mkapiga picha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hivyo vyenu mmeviunda wenyewe! Tangu 2022 tuna ushahidi uliochapishwa kwamba fomaldehaidi hubadili sura ya vitone: kwa protini moja huviongeza, kwa nyingine huvipunguza, na wakati mwingine huvizusha kwenye seli ambayo ikiwa hai haikuwa na hata kimoja. Kijana mmoja nilimwomba seli hai, akanijibu kwamba hadubini ya kuzitazama imekufa na fundi hajaja. Namwonea huruma, kosa la hadubini si lake. Lakini basi liandikwe kwenye tasnifu, lisifichwe nyuma ya rangi ya kijani.

Halafu ile heksanedioli, kemikali ya kuyeyusha vitone. Mnaimwaga, vitone vinayeyuka, mnashangilia kana kwamba kesi imekwisha. Kemikali hiyo hulemaza pia kinasi na fosfatasi, vimeng'enya ambavyo shughuli nyingi za seli zinavitegemea. Jeni ikizimika baada ya hapo, nani kaizima?

Umati ukijaa kituo cha daladala haukuambii nani amepata gari. Pimeni RNA, nakala inayotoka jeni ikiwashwa. Protini ya EWS-FLI1, inayosababisha saratani ya Ewing, inahitaji kukusanyika ili iwashe jeni zake. Hilo ni kweli. Lakini watafiti walipoongeza mng'ang'anio wake kupita kiasi, hadi kuelekea kuunda matone, unukuzi ulishuka. Ulishuka, wanangu. Kitone kilinenepa na kazi ikapungua. Someni kazi hiyo kabla hamjaniletea picha nyingine.

Mengine nayataja tu, mnayajua. Wekeni lebo inayong'aa kwenye jeni ya seli yenyewe kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri DNA. Pimeni wingi wa protini. Fuateni molekuli moja moja: Sox2, protini mojawapo ya unukuzi, hukaa kwenye mahali pake pa DNA sekunde 12 hivi kisha huondoka. Haribuni kipande cha protini kinachoifanya ijikusanye, kisha mkirudishe mwone.

Lawama si zenu peke yenu. Wasimamizi wenu wanahesabu makala kama karani anavyohesabu magunia, na vyuo vinawapandisha vyeo kwa hesabu hiyo. Kitendanishi kikikwama bandarini hadi kikaharibika, hakuna anayeulizwa. Mwanafunzi anabaki na miezi michache na picha moja nzuri. Mnategemea afanye nini?

Ila msiione kazi hii kuwa ya anasa. BCL11A ni protini ya unukuzi inayonyamazisha himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ambayo ikirudi humsaidia mgonjwa wa selimundu. Watu walikaa na swali moja, ni kipande gani cha DNA kinachoiwasha BCL11A kwenye seli za damu, wakakikata, na Novemba 2023 Uingereza ikaidhinisha tiba ya selimundu iliyotokana na jibu hilo, Casgevy. Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu, na kwa bei hiyo mzazi wa Mwanza atabaki kuisikia redioni tu. Dawa ya kumeza itakayoidhoofisha BCL11A itahitaji mtu anayejua protini hii inashika wapi, na nani, kwa muda gani. Natamani mtu huyo awe mmoja wenu.

Mwenye rasimu aniletee kabla hajaiwasilisha. Nasoma kwa kalamu nyekundu na sitozi kitu. Picha ije na jedwali la RNA.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu