Injini kongwe za kusaga zisiuzwe chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye mashine za kusaga pamoja na halmashauri za mkoa wetu wa Tanga wasiharakishe kuuza injini za zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwezi uliopita, hapa Pangani, niliona injini ya Lister, ile yenye magurudumu mazito ya pembeni na mwendo wa polepole, ikipakiwa garini pamoja na mabati yaliyooza, kwa kuwa mwenyewe alichoshwa na bei ya dizeli na alikwisha kununua injini ndogo ya kisasa iendayo kasi. Niliumia sana, kwani aliyoiuza ndiyo ambayo ingeweza kumpunguzia dizeli kwa kuendeshwa na mafuta ya mimea kama ya nazi, na aliyoinunua haiwezi.

Injini hiyo, ambayo Waingereza walianza kuiunda mjini Dursley mwishoni mwa miaka ya 1920 na baadaye ikaigwa na viwanda vya Rajkot nchini India, huzunguka mara 650 tu kwa dakika ili kutoa nguvu za farasi 6. Mafuta yake hayarushwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali huanza kuwaka ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, na chumba hicho hubaki na joto kali muda wote wa kazi. Joto hilo, pamoja na mwendo ule wa taratibu, huyapa mafuta mazito kama ya nazi nafasi ya kuungua yakaisha. Injini nyingi ndogo za siku hizi hunyunyiza dizeli juu ya pistoni kwa matundu membamba mno. Ukizilisha mafuta ya mimea yasiyochakatwa, matundu huziba kwa masizi na ringi za pistoni hunata.

Jambo hili si geni. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Miaka kumi kabla ya hapo Mwingereza Herbert Akroyd Stuart alikuwa amebuni injini yenye kichwa cha chuma kilichopashwa moto kwanza ndipo iwashwe, na wavuvi wa Skandinavia waliutegemea muundo wa namna hiyo kwa miaka mingi kwa sababu haukuchagua mafuta. Hata injini ya Felix Wankel, isiyo na pistoni ya kupanda na kushuka, ambayo imelaumiwa kwa kula petroli nyingi, huipokea haidrojeni vizuri, kwa kuwa hewa huingilia upande wa baridi, mbali na pale moto unapowakia. Kila umbo la injini lina mafuta yanayolifaa, na hilo ndilo tunalolisahau tunapopima injini kwa umri wake.

Sisemi tuchome nazi ya mboga. Mwaka juzi tuliendesha mashine ya jirani yangu kwa mafuta ya mbata zilizovunda, yasiyofaa kuliwa. Tuliweka matangi mawili: tuliwasha kwa dizeli, maji ya kupoza yakipata moto tukafungulia mafuta ya nazi, na dakika kumi kabla ya kuzima tukarudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli inayonyunyiza mafuta zisafike. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kilipoingia kipupwe. Mafuta ya nazi huganda yakishuka hadi nyuzi joto 24 hivi, na asubuhi moja ya Julai tuliyakuta ndani ya bomba yamekuwa meupe kama mshumaa, huku akina mama wakisubiri na madebe yao ya mahindi. Tulisogeza tangi karibu na pipa la maji ya kupoza, tukalizungusha bomba la mafuta kwenye bomba la maji ya moto yatokayo kwenye hedi, na tatizo likaisha.

Kwa wenzetu wa Korogwe na Muheza kuna mkonge, ambao singa zake ni kama asilimia 4 tu ya jani na kinachobaki hutupwa. Pale Hale palijengwa mtambo wa kufua umeme kwa gesi itokayo makapi hayo yanapooza. Injini ya dizeli inaweza kuvuta gesi hiyo pamoja na hewa, ikibakiwa na dizeli kidogo ya kuwashia, mradi gesi ipitishwe kwanza kwenye vumbi la chuma lenye kutu ili kuondoa salfa inayotafuna metali.

Naziomba halmashauri zetu zipeleke angalau injini moja ya namna hii katika kila chuo cha ufundi, vijana waisome kwa mikono yao. Na wewe uliyekwisha kukubaliana bei na mnunuzi, tazama kwanza ubavuni mwa hedi, upande unaoelekeana na nozeli: ukiona kizibo kikubwa au kigurudumu cha kuzungusha kwa mkono, hapo ndipo kilipo chumba nilichokieleza, na nakuomba usiiuze.

Fundi mitambo,
Pangani, Tanga