Mapambo ya zamani: tukutane Jumamosi

Assalaam alaykum jamani. Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana barazani kwangu, Mkunazini. Kila mmoja aje na pambo moja la zamani, likiwa la Idi, Maulidi au Krismasi. Mimi natoa mipira minne ya kioo ya kutundika kwenye mti wa Krismasi, niliyoiokota Darajani kwenye fungu la vyombo chakavu. Vifuniko vyake ni vya karatasi ngumu, si bati. Marekani walifanya hivyo wakati wa Vita Vikuu vya Pili, madini yalipoadimika. Tafadhalini msifute kioo kwa kitambaa kibichi! Mmoja niliufuta hivyo, rangi yote ikahamia kitambaani, mpira ukabaki mtupu kama chupa ya dawa. Brashi laini, kavu, basi. Nyororo za karatasi zilazeni ndani ya boksi. Kahawa na kashata juu yangu.