Usipande kumtafuta, mpigie simu

Ndugu Mhariri,

Ghorofa likiwaka moto Kariakoo au Upanga, ndugu hukimbilia ngazi kumfuata aliyebaki juu. Huko kinachoua zaidi ni moshi kuliko miali, na kila mlango anaouacha wazi huuingiza moshi kwenye ngazi wanazotegemea wengine kushukia.

Piga 114, namba ya Zimamoto, kwanza. Taja jengo, mtaa, ghorofa ya ngapi, chumba kinatazama upande gani, wamo wangapi. Kisha mpigie aliye ndani. Ngazi zikiwa hazina moshi, ashuke na kufunga mlango nyuma yake bila kuutia komeo. Lifti asiiguse: umeme ukikatika atanasa humo, na shimo lake hupitisha moshi kama dohani. Ngazi zikiwa zimejaa moshi, arudi chumba chenye dirisha la nje, afunge mlango, azibe upenyo wa chini kwa taulo au kanga mbichi, apunge nguo dirishani. Lakini moto ukianza kuingia chumbani asisubiri. Ghorofa la Grenfell Tower, London, lilipowaka moto mwaka 2017, agizo la kubaki ndani lilichelewa kubatilishwa. Walikufa watu 72.

Halafu kuna grili zetu za madirisha, ambazo kwa mwizi ni kinga na kwa moto ni jela. Fundi aweke walau moja yenye bawaba, ufunguo utundikwe pale pale ndani. Ngazi ya gari la zimamoto yenye urefu wa mita 30 hufika takriban ghorofa ya 9. Juu ya hapo waokoaji hupanda kwa miguu, wakiruka magunia na pikipiki tulizoegesha njiani.

Msomaji,
Dar es Salaam