Kabla hujalipa laptopu: barua kwa mwanangu aliye kampasi ya Kasapa

Mwanangu mpendwa,

Zile dola 300 za laptopu zisitoke mfukoni kabla hujasoma barua hii. Najua huko mjini Lubumbashi watakuonyesha mashine mpya, nyembamba, inayong'aa, yenye stika iliyojaa namba. Namba zile zinaeleza kasi yake ya leo tu, na wewe una miaka mingi ya masomo mbele yako.

Kwa fedha hiyo chukua ya okazio, yaani iliyokwisha kutumika, ya jamii inayotengenezewa maofisi: ThinkPad za Lenovo za mfululizo wa T, Latitude za Dell au EliteBook za HP. Kampuni hununua mashine hizo kwa mamia na hutaka fundi azifungue upesi, kwa hiyo kifuniko cha chini hutoka kwa bisibisi ya kawaida na vipuri hupatikana. Mpya ya bei hiyo mara nyingi RAM yake, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, imechomelewa kwenye motabodi, lile bamba kuu la ndani. Ukinunua yenye GB 4 utabaki na GB 4. Tafuta GB 8 na nafasi ya kuongeza. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, kama ni ya Intel, iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi za chini ya hapo, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025.

Ukiishika, anza na bawaba. Laptopu nyingi za bei ndogo hufia hapo. Bawaba ni chuma kilichofungwa kwa skrubu kwenye vijipete vya shaba, na vijipete hivyo vimepachikwa ndani ya plastiki. Bawaba ikikaza kwa uzee, kila ukifungua chuma kinavuta plastiki mpaka ipasuke na vijipete ving'oke. Waya wa skrini unapita palepale, nao hubanwa mpaka ukatike. Basi fungua polepole, ukishika katikati ya ukingo wa juu, sikio likiwa karibu. Ukisikia mlio wa kitu kinachovunjika, au ukiona ufa au mwanya kwenye kona za nyuma, rudisha mashine mezani. Kama hakuna, iwashe, peleka skrini mbele na nyuma mara kumi, uangalie picha. Ikicheza, waya umeanza kuchoka.

Ikiwa imewaka, iinue kwa kona moja ya mbele. Ikizimika au ikiganda, kuna kitu kimelegea ndani. Bonyeza kibodi katikati: kubonyea kidogo si neno, kuzama kama godoro ni dalili ya kiwiliwili dhaifu. Igeuze uhesabu skrubu. Zikipungua, au vichwa vyake vikiwa vimelika, imefunguliwa na mtu asiyejali. Kutu ya kijani au nyeupe kwenye matundu ya USB maana yake iliwahi kumwagikiwa.

Muuzaji anaweza kukuambia ni imara "ya kijeshi". MIL-STD-810 ni kiwango cha jeshi la Marekani kinachoeleza namna ya kupima vifaa. Mtengenezaji huchagua mwenyewe vipimo vya kufanya, na jeshi halipigi muhuri kwenye laptopu yoyote. Usiongeze hata dola moja kwa neno hilo.

Tundu la chaji litikise taratibu chaja ikiwa ndani, taa isizimezime. Lile la duara mara nyingi lina waya wake na hubadilishwa kwa urahisi. La USB-C kwa kawaida limechomelewa kwenye motabodi, likilegea linataka fundi mwenye mkono mzuri sana. Soma nguvu ya chaja kwenye maandishi yake: kwa mfano 20 V mara 3,25 A ni wati 65. Ikiwa nyepesi mkononi kama kopo tupu, ikatae. Na kama plagi yake ni ya Kiingereza, yenye meno matatu bapa, usiitumie na adapta iliyolegea, maana hupata moto na kutoa cheche. Nunua waya mwingine wa kuingia kwenye chaja, wenye meno mawili ya duara.

Betri usiiamini kwa maneno, mama. Pale kwenye kibao cha kugusia pakiwa pameinuka, betri imevimba, usinunue. Kama hapana, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, uangalie uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Wati-saa 50 zikibaki 30 ni asilimia 60. Chini ya hapo, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya mashine. Kwenye delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu, betri ndiyo inayookoa kazi yako.

Izime, iwashe tena ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Latitude, F10 kwa EliteBook, ili uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai neno la siri, ondoka. Hiyo ni kufuli ya kampuni ya awali, na kwa mashine hizi kutoa betri ndogo ya saa hakuifungui.

Kibodi pia uitazame. Utaandika Kifaransa, kwa hiyo tafuta AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, ukijua kwamba ya Ubelgiji huweka @ kwenye namba 2 na ya Ufaransa kwenye 0.

Mwisho iache icheze video dakika ishirini. Hewa ya moto itoke pembeni bila feni kukwaruza. Vumbi jekundu la kiangazi huziba feni, hivyo isafishwe kila mwaka kabla ya mvua, na usiitumie juu ya kitanda. Ngurumo zikianza, chomoa chaja ukutani.

Kabla ya kulipa nitumie kwa WhatsApp picha ya ripoti ya betri na ya upande wa chini. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Mama yako, Likasi